Sabwufa, Sebule ya Donholm na Noti ya F

Jumamosi moja saa nne asubuhi, mke wangu akiwa ameenda sokoni, nilichomeka gitaa langu la besi kwenye amplifaya ya sebuleni kupitia mikisa ndogo ninayoitumia mazoezini. Nikamwita binti yangu wa miaka tisa, nikampa daftari na kalamu. Nikamwambia: nitapiga noti moja moja, polepole, kuanzia ile ya chini kabisa nikipanda. Wewe keti kwenye kochi pale ninapokaa mimi kila jioni. Ukisikia noti iko sawa na wenzake, andika "sawa". Ikitoka hafifu, andika "ndogo". Ikivuma mpaka uisikie kifuani, andika "kubwa".

Tulipomaliza, daftari lilisema hivi: E ndogo, F ndogo, F shapu ndogo, G kubwa. Hiyo "kubwa" alikuwa ameipigia mstari mara mbili. G shapu nayo kubwa, kisha A sawa, na kuanzia hapo kwenda juu sawa, sawa, sawa mpaka akachoka kuandika, akachora maua pembeni.

Nilikuwa nimezunguka na swali moja kwa miezi mitano: ninunue sabwufa au nisinunue? Nilikuwa nimewauliza watu, nimesoma usiku wa manane, nimehesabu pesa na kuzirudisha mahali pake. Siku hiyo daftari la mtoto lilinionyesha kwamba muda huo wote nilikuwa nauliza kama besi iongezwe, ilhali pale kwenye kochi langu kulikuwa na besi iliyozidi na besi isiyokuwepo, zikiwa zimetengana kwa noti moja tu.

Kwanza nieleze neno lenyewe, maana hapa Nairobi lina watu wawili ndani yake. Ukisema "wufa" mtaani, watu huelewa seti nzima: sanduku moja kubwa lenye redio na nafasi ya flashi, pamoja na spika ndogo mbili au tatu za kuweka kando ya televisheni. Wengine seti hiyohiyo huiita sabwufa. Mimi nazungumzia kitu kingine: spika moja ndani ya sanduku lake, yenye amplifaya yake ndani, ambayo kazi yake ni kutoa masafa ya chini peke yake na kuziachia spika za kawaida mengine yote. Mtu mwenye stereo anayoipenda tayari haachi alicho nacho. Anaiongezea mguu.

Mimi hupiga gitaa la besi kanisani, na nimefanya hivyo kwa miaka kumi na minne. Gitaa la nyuzi nne lina E yake ya chini kwenye hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, A kwenye 55, D kwenye 73 na G kwenye 98. Namba hizi nimeziweka kichwani kama mtu anavyoweka namba ya simu ya mamake. Nyumbani nina amplifaya ya stereo ya zamani, meza ya santuri, spika mbili za rafuni zenye koni (ile sehemu inayotikisika kutoa sauti) ya inchi tano, na masanduku mawili ya sahani ndogo za 45, nyingi nilizookota Kenyatta Market kwa miaka, moja moja. Ni benga na rumba iliyorekodiwa mjini humu, enzi ambazo River Road na vichochoro vyake vilikuwa na maduka ya sahani mlango kwa mlango. Ndani ya benga gitaa la besi halikai nyuma kushikilia mlango. Linakimbia, linajibizana na gitaa la solo, na mara nyingine ndilo linalobeba wimbo. Basi mtu anayependa muziki huo na asiyesikia besi yake vizuri ni kama mtu aliyealikwa mazungumzo ya watu watatu akawa anawasikia wawili.

Spika zangu, kwa karatasi yake na kwa masikio yangu, huanza kuchoka zikishuka chini ya hezi 60 hivi. Hazinyamazi ghafla, zinafifia. Sikio nalo lina huruma ya ajabu. Ukipiga E ya hezi 41, uzi hautoi 41 peke yake, hutoa pia 82, 123 na kuendelea, na ubongo ukisikia hizo za juu hujijazia ile ya chini ambayo haikufika. Ndiyo maana mtu anaweza kufuata besi ya wimbo kwenye simu ambayo spika yake ni ndogo kuliko kifungo cha koti. Lakini kujaziwa na kusikia ni mambo mawili. Mwili haujaziwi. Na, kama nilivyokuja kugundua baadaye, mara nyingine ubongo hujaza pasipo.

Mtu wa Nairobi akiwaza vyombo vya sauti huenda Luthuli. Nami nilienda. Mtaa ule ulitengenezwa upya mwaka 2019, njia ya magari ikapunguzwa na wenye miguu wakapewa nafasi, kwa hivyo sasa unaweza kusimama mbele ya duka na kusikiliza bila kusukumwa. Kila mlango una lake. Kijana mmoja alinikaribisha kwa heshima, akafungua wufa kubwa, akaniambia, "Bosi, hii itatikisa mpaka kwa jirani." Alidhani ananipa sifa ya bidhaa, kumbe ananitajia hofu yangu kuu. Kwenye boksi paliandikwa wati 10,000, na kando yake herufi za PMPO, eti nguvu ya kilele. Nikageuza mashine nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia: wati 60. Hiyo PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, kila mtengenezaji huandika anachotaka. Ukitaka ukweli kuhusu nguvu ya chombo, soma nyuma, karibu na waya.

Nilimpa flashi yangu aweke benga. Besi ilitoka kwa nguvu, lakini ilikuwa noti moja. Mpiga gitaa alipanda, akashuka, akazunguka, na sanduku lile likajibu "ndu, ndu, ndu" kwa sauti ileile. Simlaumu kijana yule, wala sisemi chombo chake hakina wenyewe. Kikiwa mlangoni mwa duka, nganya ya Buruburu, yaani matatu ya mapambo na muziki, ikipita mtaa wa pili na spika zake, lazima kipige kelele kwenye masafa yake yenye nguvu ili mteja ageuke. Ila mimi sikuwa natafuta mtikisiko. Nilitaka F iwe F na G iwe G.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Wiki iliyofuata ndipo nikafanya lile jaribio la daftari, na usiku wake nikachukua futi na karatasi.

Sebule yetu ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.5. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo wimbi la hezi 49 lina urefu wa mita 7, yaani mara mbili kamili ya upana wa chumba chetu. Wimbi la namna hiyo likigonga ukuta na kurudi, linakutana na lenzake na kusimama. Kando ya kuta mbili linarundikana, katikati ya chumba linajifuta. Na hezi 49 ni noti gani? Ni G, ile ya kidole cha tatu kwenye uzi wa E. Kochi letu limeegemea ukuta mmoja, spika ziko ukuta unaolitazama. Nilikuwa nimekaa palepale G inaporundikana. Urefu wa mita 4.2 nao husimamisha wimbi la hezi 41. Hiyo ni E, na mimi hukaa katikati ya kochi, katikati kabisa ya urefu wa chumba, mahali ambapo E hiyo hujifuta. F ya hezi 44 iko jirani nayo mno, ikaingia shimo lilelile. Binti yangu alikuwa ameandika vipimo vya nyumba bila kushika futi.

Jambo hili linatuhusu sisi wa nyumba za mawe kuliko wengi wanaoandika ushauri wa spika. Mwingi wa ushauri unaosomwa umetoka kwa watu wa Marekani, ambako kuta za ndani aghalabu ni mbao na bodi nyepesi. Ukuta mwepesi hutetemeka kidogo na kuachia besi ipite, kwa hivyo chumba hakivumi sana. Huku kwetu ni jiwe la machimbo na saruji, juu zege, chini zege. Besi inagonga na kurudi karibu yote. Mtu akikwambia sanduku la inchi kumi na mbili halitoshi sebule ya kawaida, muulize kwanza nyumba yake imejengwa kwa nini.

Kabla ya kutumia hata shilingi, nilianza kusogeza. Kochi nilivuta mbele nusu mita, na G haikujali, maana nusu mita kwa wimbi la mita saba si kitu. Kuvuta zaidi ilikuwa kulifanya kochi lizibe njia ya jikoni, na nyumba si yangu peke yangu. Nikajaribu upande wa pili: badala ya kiti cha katikati nikahamia cha mwisho, sentimita 70 kutoka pale pa zamani, nikasogeza na spika ziufuate uso wangu. Hapo E na F zilichungulia. Kisha nikachukua soksi mbili safi, nikazikunja na kuziba yale matundu ya nyuma ya spika. Tundu lile ndilo linalosaidia spika ndogo kutoa besi, na kwa spika zangu msaada wake mwingi ulikuwa unaangukia jirani na G. Likizibwa, G inatulia. Nikamwita mtoto na daftari lake. Ukurasa wa pili ulisema: E ndogo, F ndogo, F shapu ndogo, G sawa.

Ukurasa huo ndio ulionikata shauri. Kochi lilikuwa limefanya liwezalo, na soksi zimefanya liwezekanalo. Kilichobaki hakikuwa kosa la chumba. Koni ya inchi tano haina uwezo. Ukitaka noti ishuke oktavo moja, yaani hezi zake zipungue kwa nusu, na sauti ibaki na ukubwa uleule, koni lazima isogee mbele na nyuma mara nne zaidi. F ya juu ya hezi 87 spika zangu zinaipiga bila jasho, F ya chini ya hezi 44 ingezidai mara nne. Koni ya inchi kumi ina eneo la karibu mara nne ya koni ya inchi tano. Maana yake ile kubwa inaipiga F ya chini kwa mwendo uleule ambao ndogo inaupigia F ya juu.

Hata hivyo sikukimbilia duka. Shemeji yangu anayekaa Syokimau ana sabwufa ya inchi kumi na mbili, ya sanduku lenye tundu, ambayo ilikuwa inakusanya vumbi tangu apate mtoto. Niliiomba kwa wiki mbili. Nasema hivi kwa mtu yeyote aliye njia panda kama mimi: azima kwanza. Hakuna maelezo ya dukani yatakayokwambia jinsi chombo kitakavyokaa na kuta zako.

Usiku wa kwanza niliiweka pembeni kando ya televisheni, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Pembe ya chumba huamsha mawimbi yote yaliyosimama kwa pamoja. G ilirudi na ndugu zake. Kioo cha dirisha kikaimba, grili ya chuma ikaitikia, na kijiko ndani ya glasi kikaanza kutembea. Nilizima ndani ya robo saa. Asubuhi nilipokuwa nashuka ngazi niliona ni lazima nibishe mlango wa ghorofa ya pili, chini yetu kabisa, anapokaa mama mzee ambaye watoto wote wa ploti humwita Shosho.

"Shosho, nimekuja kukuuliza. Muziki wangu wa jana ulikusumbua?"

"Muziki sikuusikia, mwanangu," alisema. "Nilisikia kama mtu anasukuma kabati, anapumzika, anasukuma tena. Nikasema labda mnahama."

Maneno hayo yaliniuma, na yalinifunza. Sauti za juu, yaani mwimbaji, gitaa la solo, manyanga, zote zinaishia kwenye zege. Ukuta au sakafu huzuia sauti kidogo zaidi kadiri noti inavyoshuka. Kila masafa yakipungua kwa nusu, kizuizi nacho hupungua kwa kama desibeli sita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa hivyo jirani wa chini hapati wimbo. Anapata mabaki yake mazito tu, yasiyo na maana, na hawezi hata kuyafurahia kama yanayofurahiwa juu.

Nchi yetu ina kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira. Ndani ya makazi kiwango ni desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku kwa kanuni hizo huanza saa mbili na dakika moja. Ni kanuni nzuri na ninaziheshimu. Lakini desibeli zake hupimwa kwa mizani ya A, mizani inayofuata sikio la binadamu kwa sauti ndogo, na mizani hiyo kwenye hezi 40 hukata karibu desibeli 35 kabla ya kuandika jibu. Mtu anaweza kuwa anatikisa kabati la vyombo la jirani na mashine ikamsafisha. Mimi nikaamua mizani yangu itakuwa Shosho.

Nilimwomba ruhusa nikae sebuleni kwake nusu saa huku mke wangu akicheza sahani juu na sabwufa ikihamishwa. Alinichemshia chai. Alisema saa nane hadi saa kumi mchana yeye hulala, na baada ya taarifa ya habari ya saa moja hupenda utulivu. Nikayaandika kwenye simu yangu.

Kutafuta mahali pa sabwufa kuna mbinu ya zamani ambayo naipenda kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Unaipandisha sabwufa kwenye kiti unachokaa wewe, juu ya kochi kabisa, unacheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha unatambaa sakafuni kando ya kuta, kichwa kikiwa chini, ukisikiliza. Panaposikika noti zote zikiwa sawa, ndipo sabwufa inapotakiwa kukaa. Njia ya sauti kutoka hapa kwenda pale ni sawa na ya kutoka pale kuja hapa, ndiyo siri yake. Nilitambaa, binti yangu akatambaa nyuma yangu, tukazunguka chumba kizima. Pembeni: mvumo. Chini ya dirisha: mvumo. Karibu na mlango: besi imekonda. Halafu tukafika katikati ya ule ukuta mfupi, kando ya rafu ya vitabu, na mpiga gitaa akaanza kutembea ngazi moja moja kama mtu anayehesabu.

Baadaye karatasi yangu ilinieleza kwa nini. Katikati ya ukuta mfupi ni mita 1.75 kutoka kila upande, yaani palepale wimbi la G linapojifuta. Sabwufa ikikaa hapo haiwezi kuliamsha. Lakini iko mwisho wa urefu wa chumba, mahali E na F hupata nguvu. Chumba kilekile kilichoninyima ndicho kilichokuja kunisaidia, kwa kuhama hatua tatu.

Ya kupanga vitufe vya nyuma ya sabwufa nitayapitia haraka. Krosova, yaani pale spika zinapoikabidhi kazi sabwufa, niliiweka hezi 60 na kitu. Ikipita 80 sikio huanza kujua besi inatoka upande gani, na besi ya kando ya rafu ya vitabu ilikuwa inanivuta shingo. Swichi ya fezi, inayogeuza mwelekeo koni inaoanza kusogea, niliijaribu pande zote mbili nikipiga A hadi D, nikauacha upande ambao noti hizo zilijaa zaidi. Kiwango cha sauti kilinichukua siku nne, kila siku nikipunguza kidogo.

Umeme ulinipa shida moja ya kukumbukwa. Sabwufa ilikuwa imechomekwa soketi ya upande wa pili wa chumba, na ikawa inanguruma hata bila muziki. Stima yetu ni ya hezi 50. Hizo ni karibu kabisa na G, kwa hivyo chumba changu kilikuwa kinaupokea mngurumo huo kama mgeni anayemfahamu. Vyombo viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti vikipata ardhi kwenye soketi mbili tofauti, mzunguko wa namna hiyo hutokea. Niliziweka zote kwenye ekstenshoni moja, ikanyamaza. Kuna watu hukushauri ung'oe waya wa ardhi ndani ya plagi. Usithubutu. Waya ule ndio unaokulinda usipigwe na stima siku chombo kitakapoharibika.

Na wenzangu wa santuri, hili ni lenu. Sahani hukatwa besi ikiwa imepunguzwa ili mfereji usipanuke ukamaliza nafasi. Mkunjo wa RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani, uliokubaliwa mwaka 1954 hushusha hezi 50 kwa kama desibeli 17, kisha amplifaya ya santuri huirudisha wakati wa kucheza. Inapoirudisha besi, inainua pia mngurumo wa injini ya meza na mawimbi ya sahani iliyopinda. Spika ndogo haziyaoni hayo. Sabwufa huyaona yote. Koni ya shemeji ilikuwa inapumua ndani na nje kwa sahani moja iliyoachwa juani, bila sauti, ikipoteza nguvu bure. Zaidi ya hapo, meza ya santuri ikikaa rafu moja na sabwufa, besi hupanda kwenye sindano na kurudi kwenye spika, mduara ukaanza kupiga mayowe. Meza yangu nimeihamisha ukuta mwingine, juu ya ubao mzito, na kitufe cha kukata mngurumo kwenye amplifaya hakizimwi tena.

Wiki mbili zilipoisha nilirudisha ile ya inchi kumi na mbili. Ilikuwa nzuri, ila sanduku la tundu hushuka mpaka kiwango chake kisha huporomoka ghafla, na yake ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya milipuko ya filamu. Nilitaka sanduku lililofungwa, linalofifia polepole. Nilipata ya mtumba kutoka Uingereza, inchi kumi, kwa shilingi 17,000, baada ya kumwomba muuzaji aicheze kwa sauti ya chini kabisa. Sauti ya juu kila sabwufa inaijua. Nami husikiliza usiku watoto wakiwa wamelala, na sikio la binadamu hupoteza besi kwanza sauti inaposhuka. Harvey Fletcher na Wilden Munson walilipima jambo hilo Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, wakachapisha mwaka 1933. Kwa mtu wa fleti, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwa na sabwufa, kubwa kuliko sherehe yoyote: muziki mdogo usikonde.

Nilishuka tena kwa Shosho na mke wangu akacheza sahani juu. Alisikiliza, kichwa kimeinama. "Kabati limetulia," akasema. Kile kilichokuwa kinamfikia siku ile ni kilele cha G, na kilele kilipoondoka kwa ajili ya sikio langu kiliondoka kwa ajili yake pia. Bado baada ya saa mbili nazima swichi ya sabwufa, na mchana wa saa nane hadi kumi siigusi. Spika ndogo zinatosha saa hizo.

Kuna sahani moja ambayo nilijifunzia kupiga besi. Wimbo wake unakwenda C, F, G, kama nyingi za wakati wake, na mzunguko wake wa besi niliuhamishia kwenye pambio letu la kanisani miaka mingi iliyopita. Nimeupiga Jumapili zisizohesabika. Kutoka C nilikuwa napanda kwenda F ya juu, kisha naruka chini kukamata G. Mruko huo haukuwahi kukaa vizuri mkononi, nikadhani ndivyo yule bwana alivyotaka.

Nilipoicheza sahani hiyo na sabwufa kando ya rafu, nilisimama katikati ya sebule. Hakuwa anapanda. Kutoka C alikuwa anashuka, F ya chini, hezi 44, kidole cha kwanza, halafu G palepale karibu, kidole cha tatu. Mkono hauhami hata kidogo. Spika zangu hazikuweza kunipa F ile na kochi langu lilikuwa limekaa ndani ya shimo lake, nikabaki na mwangwi wake wa oktavo ya juu, na G peke yake ikavuma chini. Nilirudisha sindano mara nne. Binti yangu alinitazama, akaenda kuleta daftari, akaandika F, akaandika "sawa".

Jumapili iliyofuata pambio lilipofika pale, nilishuka. Mpiga dramu aliinua kichwa akanitazama, na mzunguko wa pili mguu wake ulikuwa unaningoja kwenye ile F.